Kalsiamu kwanza, sukari baadaye

Mtu akiniuliza aanzie wapi ili azielewe protini za wanyama zinazoshika sukari, zile ziitwazo lektini, humwambia aanze na kalsiamu. Sukari itakuja yenyewe. Najua silabusi nyingi hapa Bukavu zinaenda kinyume: kwanza orodha ya sukari, kisha orodha ya protini, kisha ule mchoro wa kufuli na ufunguo ambao Emil Fischer aliuwaza mwaka 1894 alipokuwa akichunguza vimeng'enya vinavyovunja sukari. Mchoro huo nimeufundisha miaka mingi na bado uko kwenye silabusi yangu. Lakini kwa lektini za wanyama unampa mwanafunzi picha ya tundu refu ambamo sukari inazama mpaka isionekane, na ukilifungua umbo lenyewe hukuti tundu la namna hiyo.

Nasema ukilifungua kwa sababu kufungua ndiko kulikonifundisha. Mimi ni asistanti wa biokemia. Hatuna mashine ya eksirei ya kuchunguza fuwele za protini, na sitarajii kuiona hapa kabla sijastaafu. Ila matunda ya mashine hizo yako wazi kwa kila mtu. Benki ya Data za Protini ilianza mwaka 1971 ikiwa na maumbo saba tu; leo ina zaidi ya 200,000, na kila umbo lina kitambulisho cha herufi na tarakimu nne. Faili lake ni maandishi matupu: mstari mmoja, atomi moja, pamoja na namba tatu zinazosema atomi hiyo iko wapi. Faili la protini ndogo halifikii mega moja. Kwa mwanafunzi anayehesabu mega za simu yake kama mama wa Kadutu anavyohesabu makombe ya unga, hiyo ni habari njema kuliko zote nilizowahi kumpelekea.

Tunatumia RasMol, programu ya miaka ya 1990 isiyodai kompyuta ya maana. Umeme ukikatika, betri ya kompyuta yangu inavumilia kiasi cha kuzungusha protini mbili tatu, huku kundi zima limejipanga nyuma ya mabega yangu. Wengine huona skrini, wengine huona visogo vya wenzao. Nimekuja kuamini kwamba msongamano ule una faida yake. Anayeona analazimika kumweleza asiyeona, na akishindwa kueleza tunajua hapo hapo kwamba hakuona kitu.

Umbo la kwanza ninalowafungulia ni 2MSB. Ni kipande cha protini ya panya wa maabara inayoshika manozi, mojawapo ya sukari. William Weis, Kurt Drickamer na Wayne Hendrickson walichapisha umbo la kipande hicho kikiwa kitupu mwaka 1991. Mwaka uliofuata wakalileta tena, safari hii likiwa na mnyororo wa sukari ndani ya fuwele. Kazi ya 1991 ina kisa ninachokipenda. Ili kupata mahali pa atomi zote, walitoa kalsiamu inayokaa ndani ya protini hiyo wakaweka holmiamu, metali nzito ambayo mwitikio wake kwa eksirei hubadilika kadiri urefu wa wimbi unavyobadilishwa. Kutokana na tofauti hizo wakakokotoa umbo zima. Kwa hiyo hata mlango wa kuiona protini hii ulipitia kwenye kiti cha kalsiamu.

Kipande chenyewe kina asidi amino, yale matofali yanayojenga protini, kama 120. Ncha ya mwanzo na ya mwisho zinakaribiana upande wa chini. Nusu ya chini imepangika vizuri: helisi mbili, zilizojizungusha kama springi, na mikanda ya beta, iliyonyooka ikalala ubavu kwa ubavu. Nusu ya juu ni vitanzi virefu vinavyopinda huku na kule bila mpangilio ambao jicho linaweza kuufuata, na hivyo ndivyo vinavyoshikiliwa na kalsiamu. Wanafunzi huchoka na vitanzi. Wanapenda helisi kwa sababu zinapendeza na zinachoreka kwenye mtihani. Mimi huzima rangi ya helisi zote nikaziacha kijivu, nikapaka vitanzi peke yake, maana kazi yote inafanyika huko juu.

Sukari iko wapi? Iko juu kabisa, kwa nje. Haidroksili zake mbili, vile vijitawi vya oksijeni na hidrojeni, ya tatu na ya nne, zinagusa kalsiamu moja kwa moja, kwa umbali wa angstromu 2.5 hivi, milimita moja ina angstromu milioni kumi. Haidroksili hizo hizo zinashikana pia na asidi amino zile zile zinazoizunguka kalsiamu. Baada ya hapo hakuna kikubwa. Sehemu kubwa ya sukari inaelea majini, haijaguswa na mtu.

"Prof, njo hiyo tu?" aliniuliza mmoja, kwa sauti ya mtu aliyelipia chakula akaletewa sahani nusu.

Njo hiyo tu. Na katika "hiyo tu" ndimo mnamokaa uchaguzi wote. Kwenye manozi na glukozi, haidroksili ya tatu na ya nne zote zimelala pembeni ya pete ya sukari. Kwenye galaktozi, ile ya nne imesimama. Mengine yanaweza kufanana kabisa. Tofauti ya kijiti kimoja inatosha protini kukataa. Jambo hili nililieleza ubaoni mara nyingi likawa linaingia sikio moja na kutokea jingine, mpaka tulipoacha chaki tukachukua udongo wa mfinyanzi na vijiti vya meno. Kila mmoja akatengeneza manozi yake, kisha akachomoa kijiti cha nne na kukichomeka kuelekea juu. Vidole vilielewa kabla ya kichwa. Tangu hapo sifundishi maumbo ya sukari bila udongo, hata wenzangu wa idara wanaponicheka kwamba ninaendesha shule ya watoto wadogo.

Ndipo ninapoleta jaribio la Drickamer la 1992, ambalo kwangu ni miongoni mwa majaribio safi kabisa katika biokemia. Kwenye kitanzi kinachoshika sukari, protini za manozi zina asidi amino tatu mfululizo: asidi glutamiki, prolini, asparajini. Zile za galaktozi, mahali pale pale, zina glutamini, prolini, asidi aspatiki. Drickamer alibadilisha mbili za pembeni, akaiacha prolini katikati, na protini ya manozi ikaanza kupendelea galaktozi. Mabadiliko mawili tu kati ya asidi amino mia na zaidi. Haikuwa nzuri kama protini za asili za galaktozi; kazi zilizofuata zilionyesha inahitaji pia asidi amino iitwayo triptofani karibu na hapo, ili uso bapa wa galaktozi upate mahali pa kuegemea, na kitanzi cha ziada cha kuishikilia triptofani hiyo. Ila mwelekeo ulikuwa umegeuka.

Mwanafunzi mmoja makini, wa wale wanaokaa mbele na kuandika kila kitu, akanibana na fukozi. Protini ya manozi inashika fukozi pia, na fukozi kwa ukoo iko karibu na galaktozi, sasa imekuwaje? Nilimpa udongo. Baada ya kuigeuzageuza aliona mwenyewe kwamba haidroksili ya pili na ya tatu za fukozi, ukiipindua sukari, zinakaa kama ya tatu na ya nne za manozi. Kalsiamu haisomi jina la sukari.

Kuna kitu wanafunzi wanaotoka kwenye labo za hospitali wanakijua kuliko mimi, nacho ni mirija ya damu. Kifuniko cha zambarau kina EDTA, damu haigandi. Kifuniko chekundu hakina, damu inaganda, unachukua seramu. Wanalitaja hilo kama sala. Nikiwauliza EDTA inafanya nini hasa, wanajibu vizuri: inakamata kalsiamu. Basi, nawaambia, ukiweka damu kwenye mrija wa zambarau umewanyang'anya kalsiamu si protini za kugandisha peke yake; umeinyang'anya pia lektini hii inayozunguka kwenye damu ikitafuta vijidudu. Vitanzi vya juu vinalegea, sukari inaachiliwa. Ndiyo maana anayetaka kupima kazi ya mfumo huo wa ulinzi hatumii mrija huo. Nimeona nyuso zikibadilika hapo. Kitu walichokishika kila asubuhi kwa miaka kimegeuka kuwa jaribio la umbo la protini.

Mwili wenyewe unajua hila hiyo. Kwenye ini kuna kipokezi kinachonasa protini za damu zilizopoteza asidi sialiki, sukari inayofunika ncha, kwenye minyororo yao ya sukari na kubaki na galaktozi wazi. Gilbert Ashwell na Anatol Morell ndio waliokifumbua. Kipokezi kikishaingia ndani ya seli na mzigo wake, kinafika mahali penye asidi, kinapoteza kalsiamu, kinautua mzigo na kurudi juu mtupu. Hakuna aliyelazimika kukivunja.

Sasa ugumu. Kama sukari inaguswa kidogo namna hiyo, mshiko wake lazima uwe dhaifu, na kweli ni dhaifu: sukari moja peke yake inahitaji kuwa kwa wingi wa milimola ili ishikwe vya kutosha. Kwa kinga ya mwili hiyo ni nguvu ya kuchekesha. Hapa ndipo umbo la kipande kimoja halitoshi tena, lazima uone protini nzima, na mimi nashukuru kwamba nafundisha mji ulio kando ya Ziwa Kivu. Kila mmoja darasani ameona jioni mitumbwi ya kuvua sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, ikitoka: mitumbwi mitatu iliyofungwa kwa miti mirefu, wavu katikati, taa zikiwaka. Miti ndiyo inayoamua mitumbwi ikae mbali kiasi gani, na wavu unatanda kwa kipimo hicho hicho, si zaidi si pungufu. Protini ya manozi imejengwa hivyo. Vipande vitatu vimeunganishwa na shingo ya helisi tatu zilizosokotana, na shingo hiyo inavishikilia kwa umbali usiobadilika. Maumbo mawili yaliyochapishwa mwaka 1994 yalipima umbali huo kati ya mahali pa kushikia: angstromu 53 kwa panya, 45 kwa binadamu.

Namba hizo mbili nimeziandika kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa labo. Minyororo ya sukari kwenye seli zetu wenyewe ina manozi pia, ila mara nyingi zimefunikwa na galaktozi na asidi sialiki, na hata zikiwa wazi, zile za mnyororo mmoja zinakaribiana mno. Mahali pa kushikia pakipata moja, pa pili na pa tatu havifiki. Juu ya ukuta wa kijidudu, kuvu au bakteria, sukari za namna hiyo zimetapakaa uwanja mzima, kwa hiyo sehemu zote tatu zinashika kwa pamoja. Kisha vikundi vya watatu watatu vinaungana tena kwa mikia yao hadi mshiko dhaifu unakuwa mshiko usioachia. Protini inamtambua mgeni kwa kupima nafasi. Hili ndilo ninalotaka mwanafunzi aondoke nalo hata akisahau majina yote ya asidi amino, na kwenye mtihani ndilo ninalolipa alama nyingi.

Lektini nyingine nazipitia kwa haraka zaidi, sina budi kukiri kwamba moyo wangu hauko huko. Galektini zina asidi amino kama 130 na hazihitaji kalsiamu hata kidogo. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1975 kutoka kwa samaki wa umeme. Umbo lake ni tabaka mbili za mikanda ya beta zilizobanana, na galaktozi inaegemea triptofani. Kilichowashangaza watu maumbo hayo yalipotoka mwaka 1993 na 1994 ni kwamba yanafanana na lektini za jamii ya kunde, ingawa mfuatano wa asidi amino hauna undugu unaoonekana. Tunayo mazoezi mazuri hapo: maharage mabichi yaliyolowekwa na kusagwa, maji yake yakachanganywa na damu kidogo kwenye kioo, chembe nyekundu zinashikamana mbele ya macho. Mama zetu hawakuhitaji biokemia kujua kwamba maharage yasiyoiva yanakamata tumbo. Siglek nazo zina umbo la familia ya kingamwili, na arginini moja inayoshika asidi sialiki. Umbo la kwanza lilitoka mwaka 1998. Kwa hiyo kushika sukari ni kazi ambayo protini za koo tofauti ziliifikia kila moja kwa njia yake. Mwanafunzi anayetaka mchoro mmoja wa lektini zote za wanyama hataupata kwangu.

Wakati Ebola ilipokuwa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walifariki, na Agosti 2019 ilifika hadi Mwenga, kwetu Kivu ya Kusini. Niliombwa kuzungumza na kundi la wauguzi. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya jumla, lakini mama mmoja muuguzi, mwenye umri wa mama yangu, alinikatiza: "Mwanangu, mutuambie wazi. Hii virusi inaingiaka kupitia wapi?"

Nikafungua 1K9I, umbo la lektini iitwayo DC-SIGN la mwaka 2001 kutoka kikundi hicho hicho cha Weis na Drickamer. DC-SIGN inakaa juu ya seli za kinga, nne kwa pamoja, nayo inatumia kalsiamu kama ndugu yake wa kwenye damu. Tofauti ni kwamba inashika manozi iliyo ndani ya mnyororo, sio ya ncha peke yake, hivyo uso mkubwa zaidi wa sukari unagusana nayo. Virusi vya Ebola vimevaa protini iliyofunikwa na sukari, kama vya UKIMWI, na DC-SIGN inaweza kuzishika. Nilijitahidi wasiondoke na picha mbaya: kushikwa juu ya seli si kuingia. Mlango wenyewe uko ndani, protini iitwayo NPC1, iliyofahamika kwa kazi hiyo mwaka 2011. Lektini inasaidia virusi kusogea na kung'ang'ania.

Yule mama akauliza kama basi kuna dawa ya kuziba hiyo lektini. Nilimwambia hapana, na kwamba zilizokuwa zimeonyesha nguvu mwezi ule ule wa Agosti 2019 katika majaribio yaliyofanyika hapa hapa Kongo ni kingamwili, mojawapo ikitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, alikuwa na mkono ndani yake. Akatikisa kichwa, akasema, "Aksanti, sasa tuambie juu ya glavu." Tukazungumza juu ya glavu muda uliobaki. Alikuwa sahihi kupanga mambo hivyo.

Siku hizi wanafunzi wanakuja na AlphaFold. Tangu 2022 mtu yeyote anaweza kupakua umbo lililokisiwa na kompyuta la karibu protini yoyote, na waliolitengeneza wakapewa sehemu ya Nobeli ya Kemia ya 2024. Silipingi, kwetu sisi tusio na mashine limeleta haki fulani. Lakini mifano ya hazina ile inakuja bila kalsiamu na bila sukari, na kwa lektini hizi hivyo ndivyo vitu viwili muhimu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, binti wa Bagira, aliniletea lektini ya manozi ya binadamu kutoka huko akitafuta kalsiamu asiione. Nilimwambia aiweke juu ya 2MSB, zilingane, kisha aangalie asidi amino tano zinazopaswa kuizunguka. Zilikuwa karibu kabisa na mahali pake, zimezunguka nafasi tupu.

Alifurahi akaendelea peke yake na wengine wa familia hiyo, akiandika kwenye daftari safu tatu: wenye kitanzi cha manozi, wenye kitanzi cha galaktozi, na wasio na chochote. Safu ya tatu ilikuwa ndefu kuliko alivyotegemea. Mmoja wao ni Dektini-1. Ina mkunjo ule ule, ncha zinakaribiana chini, helisi mbili, vitanzi juu, lakini asidi amino za kushika kalsiamu hazipo. Na bado inashika sukari: beta-glukani ya ukuta wa kuvu, kwenye mfereji mfupi ulio kando ya triptofani na histidini, umbo lake lilichapishwa mwaka 2007. Binti aliniwekea daftari mezani, kidole kwenye Dektini-1, akaniuliza kama bado nitawaambia wa mwaka wa kwanza waanze na kalsiamu. Nikamwambia ndiyo, nitawaambia, na nitampa yeye nusu saa ya mwisho ya kipindi awaonyeshe hii.